Nani amlipe mwalimu wa madrasa katika nyanda za chai?

MADRASA za Kericho na Bomet hazikurithi kile ambacho kwa vizazi vingi kimezibeba zile za Lamu, Mombasa na Malindi. Pwani, chuo cha Kurani aghalabu kilikuwa na minazi yake, nyumba yake ya kupangisha au kipande cha shamba kilichowekwa wakfu na mtu aliyekwisha kufa zamani, na mapato ya mali hiyo yakamfikia mwalimu hata katika miezi ambayo wazazi hawana kitu. Katika milima ya chai mambo si hivyo. Waislamu huku ni wachache, wengi wao walifika kwa ajili ya kazi au biashara, na mwalimu hula kutokana na kile kilichochangwa wiki hiyo.

Kwa hiyo anayenuia kuisaidia madrasa ya eneo hili hana budi kutambua mapema kwamba gharama yake kubwa si saruji wala mabati. Jengo hujengwa mara moja, na wafadhili hulipenda kwa sababu huonekana na huweza kubandikwa jina. Mshahara wa mwalimu hauna mahali pa kubandika jina. Mwezi ukiisha hudaiwa upya, na ukikosekana mara tatu au nne mfululizo, mwalimu hutafuta riziki kwingine na mlango hutiwa kufuli hata kama paa ni jipya.

Waliofika na reli, waliofika na chai

Reli ya Uganda ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901 ilikuwa imepita Londiani na Lumbwa, stesheni ambayo leo hujulikana kama Kipkelion. Nyuma ya reli walikuja wenye maduka wa Kihindi, wachuuzi wa mifugo wa Kisomali, na Waswahili waliokuwa askari, wapagazi na makarani wa serikali ya kikoloni. Baadhi yao walikuwa Waislamu, na walipotulia katika vituo vya biashara walianza kuswali pamoja na kuwafundisha watoto wao.

Wimbi la pili lililetwa na chai. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda mashamba makubwa Kericho, na mashamba hayo yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu. Vibarua walitoka Nyanza na Magharibi, wakiwemo wengine wa Mumias, mji ambao Uislamu ulikuwa umekita mizizi tangu misafara ya Waswahili ilipozuru himaya ya Nabongo Mumia mwishoni mwa karne ya 19. Wakipsigis, wenyeji wa nchi, kwa sehemu kubwa wakawa Wakristo. Waliosilimu ni wachache.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet. Kitaifa Waislamu walikuwa takriban asilimia 11 ya Wakenya wote, lakini sehemu kubwa ya hao wako Pwani, Kaskazini Mashariki na Nairobi. Katika kaunti hizi mbili msikiti ni jambo la mjini na la vituo vya biashara, na madrasa hufuata msikiti.

Historia hiyo ndiyo inayoeleza ukosefu wa wakfu. Mali ya wakfu hutoka kwa mtu mwenye mali, na katika nchi ya kilimo mali ni ardhi. Mfanyakazi wa shamba kubwa huishi katika nyumba ya kampuni. Chumba anachotumia kuwafundishia watoto alama za alifu na bee, kama kipo, ni cha kampuni. Akistaafu hurudi kwao na watoto wake, na madrasa hupoteza wanafunzi na wachangaji kwa siku moja.

Misukosuko nayo haikukosekana. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza wafanyakazi wengi wa jamii nyingine kutoka mashamba ya Kericho, na wapo ambao hawakurudi tena. Baadaye zikaja mashine za kuchuma chai. Moja hufanya kazi ya watu wengi, na hasira dhidi yake ilifikia kilele Mei 2023, vijana walipoteketeza kadhaa mashambani. Kwa kampuni hilo ni suala la gharama za uzalishaji. Kwa kamati ndogo ya madrasa karibu na shamba, kila mchumaji anayeachishwa kazi ni sadaka moja ya Ijumaa iliyopungua.

Mwalimu na saa zake

Pwani, chuo hufungwa Alhamisi na Ijumaa. Bara, ambako mtoto Mwislamu huketi darasa moja na wenzake Wakristo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, masomo ya madrasa hubanwa jioni, Jumamosi na Jumapili. Mtoto huanza na herufi, huingia Juzuu Amma, kisha husoma Kurani nzima kwa kuitazama, akichanganya na namna ya kutawadha na kuswali, sira ya Mtume na adabu. Wachache huendelea na tajwidi, fiqhi na Kiarabu. Wenye hamu zaidi hupelekwa Mombasa, Lamu au Nairobi.

Saa hizo chache zimewafanya wengi waamini kwamba kazi ya mwalimu ni ya nusu siku na kwamba nusu ya malipo yatosha. Ukweli ni kwamba aghalabu yeye pia ndiye imamu, ndiye huosha maiti, ndiye hufungisha ndoa na kusuluhisha wagombanao. Si ajabu akawa na kibanda cha nguo au boda boda ili apate kodi ya nyumba. Siku biashara inaponoga, darasa hukosa mtu.

Serikali haimlipi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazitaja madrasa na duksi, lakini kutajwa si kulipwa. Mwalimu wa somo la dini ya Kiislamu aliyeajiriwa katika shule ya umma yuko katika daftari la Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Mwalimu wa madrasa hayumo. Anabaki na ada ya wazazi, sadaka ya msikiti, na hisani ya watu wa mbali.

Ada ina mipaka yake. Ikipandishwa ili itosheleze mshahara, watoto wa vibarua ndio wa kwanza kutoweka, nao ndio wasio na mahali pengine pa kujifunza dini yao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pengo hubakia kwa mtoaji, na hapo maswali ya fiqhi huanza, kwa kuwa si kila shilingi inayotolewa kwa jina la Mungu inaruhusiwa kwenda kila mahali.

Zaka si mshahara

Kosa linalojirudia katika kamati nyingi ni kuchanganya zaka na sadaka katika kisanduku kimoja. Sadaka ya hiari haina masharti ya mahali wala ya mpokeaji: yaweza kununua chaki, mikeka, misahafu, kulipa umeme au kumlipa mwalimu. Zaka ni haki ya watu maalumu. Sura ya Tawba, aya ya 60, inataja mafungu 8 ya wanaostahiki, na jengo la madrasa halimo kwa jina.

Wanazuoni wengi wa kale walilifasiri fungu la “njia ya Mwenyezi Mungu” kwa maana finyu, hasa wapiganaji wa jihadi, na baadhi yao wakaongeza mahujaji. Kwa mtazamo huo zaka haijengi madarasa. Wapo wa zama hizi waliopanua maana, akiwemo Yusuf al-Qaradawi (1926–2022), ambaye katika kazi yake kubwa juu ya fiqhi ya zaka aliingiza humo juhudi za kueneza na kutetea dini kwa elimu. Kamati ikichagua rai hiyo yafaa iwaeleze watoaji wazi, kwa sababu mtu aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, kama walivyo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, huenda anatoa akidhani fedha zake zinamfikia fakiri.

Kuhusu watu, njia ni pana zaidi. Mwanafunzi maskini anastahiki zaka kwa umaskini wake. Wanazuoni wa Kishafi wanamruhusu hata yule anayeweza kufanya kazi, ikiwa kuchuma riziki kutamkatiza katika kutafuta elimu ya dini. Mwalimu naye, akiwa fakiri au maskini, anaweza kupewa. Hata hivyo anapewa kwa sababu ni maskini. Kamati iliyoahidi mshahara kisha ikaulipa kwa zaka imelipa deni lake yenyewe kwa haki ya wengine, na mwalimu amebaki bila ziada yoyote. Utaratibu ulio safi ni mshahara kutoka sadaka na ada, na zaka ikimfikia mwalimu iwe juu ya mshahara huo.

Zaka ya Fitri iko mbali zaidi na mambo ya madrasa. Ni pishi moja ya chakula kikuu cha mahali, takriban kilo 2.5, kwa kila mtu wa nyumba. Huku ni mahindi au mchele. Huwaendea maskini kabla ya swala ya Idi. Kuikusanya ili kununulia madawati ni kuwanyima wenye njaa sikukuu yao.

Kuna jambo lingine linalowahusu wafanyabiashara wa Nairobi na Nakuru wenye asili ya Kericho. Rai yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba zaka isihamishwe kutoka mji ilikopatikana mali iwapo wenye kustahiki wapo hapo. Wanazuoni wa madhehebu mengine, na baadhi ya Mashafi wa baadaye, wanaruhusu kwa haja au kwa jamaa. Asiyetaka kuingia katika hitilafu hiyo ana njia nyepesi: abakize zaka yake alipo na atume sadaka nyumbani.

Je, majani chai yana zaka?

Swali hili huulizwa kila panapokuwa na Mwislamu mwenye shamba dogo, na majibu mawili hutolewa katika msikiti mmoja. Kwa Imamu Shafi, zaka ya mazao huwajibika katika vyakula vikuu vinavyoweza kuhifadhiwa, kama mahindi, mtama na mpunga, pamoja na tende na zabibu, na kiwango chake cha chini ni karibu kilo 650. Majani chai si chakula cha kumshibisha mtu, hivyo hayamo. Kwa Imamu Abu Hanifa, ambaye Waislamu wengi wenye asili ya Bara Hindi humfuata, kila kioteshwacho na ardhi kwa kulimwa kina fungu lake: sehemu ya kumi kikinyeshewa na mvua, nusu ya hiyo kikimwagiliwa kwa gharama. Chai ya Kericho na Bomet hulelewa na mvua, kwa hivyo Mhanafi hutoa sehemu ya kumi.

Mshafi naye hasalimiki kabisa. Fedha za chai zikibaki mkononi mwake mwaka mzima wa Kiislamu na zikawa zimefikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, au gramu 595 za fedha kwa wanaotumia kipimo hicho, anatoa asilimia 2.5. Kwa mkulima mdogo hilo halitokei mara nyingi, kwa kuwa bonasi huliwa na karo za shule kabla ya kukaa.

Jinsi mkulima anavyolipwa ina uzito wake hapa. Wakulima wadogo wa eneo hili hupeleka majani kwa viwanda kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na Tirgaga, vilivyo chini ya usimamizi wa KTDA, shirika lililoundwa mwaka 1964 likiwa la serikali na kugeuzwa kampuni ya wakulima mwaka 2000. Kila mwezi mkulima hulipwa kiasi fulani kwa kilo. Hesabu za mwaka hufungwa mwishoni mwa Juni, na bonasi hutoka karibu Septemba na Oktoba. Kwa miaka mingi bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya mashariki, jambo ambalo limezua malalamiko yasiyoisha Kericho na Bomet. Mtoaji anayeahidi sadaka “bonasi ikitoka” ahesabu kwa kiwango cha huku, si cha Murang’a au Kirinyaga.

Mashina ya chai kama wakfu

Wakfu maana yake ni kuizuia mali isiuzwe, isitolewe zawadi na isirithiwe, huku manufaa yake yakitolewa kwa jambo lililotajwa. Asili yake inayotajwa zaidi ni shamba la Khaybar alilopata Umar bin Khattab. Alipomwendea Mtume kuuliza alifanyeje, alishauriwa kulizuia shamba lenyewe na kuyatoa sadaka matunda yake. Katika maelezo hayo hamna jengo. Mna mti na kinachochumwa juu yake.

Ni ajabu kidogo kwamba katika nchi iliyofunikwa na mti wa namna hiyo fikra ya wakfu bado hufungwa na msikiti na makaburi. Shina la chai likitunzwa huzaa kwa miaka 50 na zaidi. Huchumwa kila baada ya wiki moja hadi mbili, mwaka mzima, tofauti na mahindi ambayo huvunwa mara moja na bei yake ikaanguka siku hiyo hiyo. Soko lake lipo kituoni, na malipo hupita benki. Mwalimu anayedai kila mwezi hawezi kupata mti unaolingana zaidi na haja yake.

Mfano wa kukadiria utasaidia. Tuseme robo ekari ina mashina 1,000 na kila moja linatoa kilo moja ya majani mabichi kwa mwaka. Tuseme pia malipo ya kwanza ni Sh25 kwa kilo, mchumaji anachukua Sh10, na bonasi ni Sh20. Hizo ni Sh25,000 kutoa Sh10,000, kuongeza Sh20,000. Mbolea ikila Sh5,000 zinabaki Sh30,000 kwa mwaka, sawa na Sh2,500 kwa mwezi. Ekari nzima kwa hesabu hiyo hiyo ingeleta Sh10,000 kwa mwezi. Hizo hazimtoshi mwenye familia, ila zinabadilisha mazungumzo: kamati haiombi tena mshahara wote, inaomba kilichosalia.

Hesabu hiyo inaonyesha pia hatari. Bei ya mnada wa Mombasa ikishuka, mwalimu naye anashuka. Mashina yasipotiwa mbolea na kupogolewa hudhoofika, na shamba la wakfu lisilo na mwenyewe ndilo hupaliliwa mwisho. Wanazuoni walitambua hilo zamani, ndiyo maana wakasema matengenezo ya wakfu hutangulia wanufaikaji: kwanza mbolea, kisha mwalimu. Msimamizi anayelipa mshahara wote na kuacha mashina yafe amekula wakfu hata kama hakuweka senti mfukoni.

Pwani wanao uzoefu wa muda mrefu wa mambo haya, mazuri na machungu. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, unaohusishwa na Habib Saleh, mwanachuoni mzaliwa wa Ngazija aliyefariki mwaka 1935, ulikua kuwa kituo cha elimu kilichopokea wanafunzi wa tabaka zote, wakiwemo watoto wa waliokuwa watumwa. Uliendelea kwa mali zilizowekwa wakfu na kwa zawadi za wageni wanaofika Lamu kila mwaka kwa Maulidi. Upande wa machungu, wakfu mwingi wa pwani ulipotea kwa kutosajiliwa, warithi wakauza, au kodi ya nyumba ikabaki ile ile kwa miongo huku bei za vitu zikipanda.

Jaribio la karibu zaidi lilianzia Mombasa katika miaka ya 1980, Mradi wa Madrasa wa Wakfu wa Aga Khan ulipoanza kuanzisha shule za chekechea za Kiislamu, Bi Swafiya Said akiwa kiongozi wake wa kwanza. Baadaye, mradi ulipoenea Zanzibar na Uganda, shule zilizohitimu zilitengewa rasilimali ndogo: jamii ikachanga, mfadhili akajaliza, na fedha zikawekezwa pamoja. Mapato yake yalikusudiwa kujazia ada, si kuchukua nafasi yake. Yafaa kamati ya Kericho inayoota wakfu utakaoondoa michango yote iliangalie jambo hilo, kwa sababu hata penye mfadhili mkubwa mzazi aliendelea kuchanga.

Karatasi kabla ya baraka

Kutamka wakfu mbele ya mashahidi kunatosha katika fiqhi. Katika ofisi ya ardhi hakutoshi. Shamba likibaki kwa jina la marehemu, wanawe wana haki ya kulirithi na mahakama itawasikiliza. Ardhi ya kilimo haihamishwi kisheria bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo, hata inapotolewa bure, na idhini ya mume au mke huhitajika. Hatimiliki yafaa iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, wala si la mwenyekiti wa msikiti, maana mwenyekiti naye hufa na ana watoto.

Kwa miongo mingi mambo ya wakfu yaliangaliwa na Makamishna wa Wakfu kutoka Mombasa, na macho yao yalikuwa zaidi Pwani. Mwaka 2022 Kenya ilipata sheria mpya ya wakfu iliyochukua mahali pa ile ya zamani. Kwa Waislamu wa bara manufaa yake yatategemea kama watasajili walichonacho. Asiyetaka kutoa ardhi akiwa hai anaweza kuusia, mradi wasia usizidi theluthi ya mali yake.

Nje ya wakfu, hadhari ni zile zile za mchango wowote. Baada ya shambulizi la Agosti 1998 dhidi ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, serikali ilitangaza kufuta usajili wa mashirika kadhaa ya hisani ya Kiislamu. Tangu hapo fedha za kutoka Ghuba zimekuwa zikipita katika tundu jembamba zaidi, na madrasa iliyozoea mfadhili mmoja wa ng’ambo iligundua ubaya wa kuegemea ukuta mmoja. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imewawezesha wahamaji wa kawaida kutuma Sh200 kila mwezi kutoka popote. Watu 60 wa namna hiyo ni Sh12,000, zaidi ya ekari ya chai ya mfano uliotangulia. Sharti ni kwamba namba ya kupokelea iwe ya taasisi, si simu ya mtu, na hesabu isomwe hadharani walau kila baada ya miezi mitatu.

Mtoaji ana haki ya kuuliza zaidi ya fedha. Bakora iliyokuwa sehemu ya chuo cha zamani imepigwa marufuku na sheria za nchi, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto popote alipo, madrasa ikiwemo. Anayelipa mshahara anapaswa kujua anayelipwa anafundishaje.

Wala jamii ndogo si lazima iwe jamii dhaifu. Mjini Kericho Masingasinga ni wachache kuliko Waislamu, lakini gurdwara yao, inayohusishwa na Sant Baba Puran Singh aliyewahi kuishi mjini humo, hupokea mahujaji kutoka Uingereza na India na hulisha wageni bila malipo. Nyuma yake kuna watu waliohama ambao hawakuisahau Kericho. Waislamu waliosomea kwenye mikeka ya madrasa hizi nao wametawanyika Nairobi, Mombasa na ng’ambo, ila ni kamati chache zilizoweka daftari la majina yao.

Mapato ya madrasa hupanda Ramadhani na kushuka mara tu baada ya Idi. Mwezi huo husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kiasi kwamba mwaka 2030 unatarajiwa kuwa na Ramadhani mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Desemba. Bonasi ya chai nayo imesimama palepale, Septemba na Oktoba. Kamati inayotenga akiba ya mishahara kutoka misimu hiyo miwili inaweza kumwandikia mwalimu mkataba wa miezi 12, jambo ambalo walimu wengi wa madrasa katika nyanda hizi hawajawahi kuliona.